Uso Katika Akiki

Fedha ya Mjomba ilikuwa na uso wa malkia kabla haijawa kitu kingine. Nilikuwa na miaka saba, mwaka 1979, na kazi yangu kila nikitoka chuoni ilikuwa kuvuta mvukuto katika duka lake la kufua fedha, Usita wa Mui, Lamu. Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja chenye kibaraza. Punda wakipita na mizigo ya mawe, vumbi liliingia moja kwa moja hadi kwenye jiko, na Mjomba alikuwa akiweka kiganja juu ya kazi yake kama mtu anayekinga mshumaa.

Wazee wa kike ndio waliomletea reale. Zilikuwa zile sarafu kubwa za Maria Theresa, malkia wa Austria, zilizotembea Uarabuni, Uhabeshi na pwani yetu yote katika enzi za majahazi. Zote zimeandikwa mwaka mmoja tu, 1780, mwaka aliofariki, hata zile zilizopigwa chapa miaka mia baadaye. Reale moja ina gramu 28 na kidogo, na katika kila sehemu 1,000 za madini yake, 833 ni fedha. Hayo ya sehemu 833 niliyasoma baadaye. Mjomba aliyajua kwa ulimi na kwa mlio: aliigonga reale ukutani mwa mtungi, akainamisha sikio, akasema ndiyo au siyo.

Kisha alihesabu lulu. Malkia yule amevaa bizimu begani, na bizimu ina vitone tisa vya lulu. Wafanyabiashara wa zamani walikataa reale ambayo vitone vyake havihesabiki, na Mjomba alishika desturi hiyo kama alivyoishika kwa baba yake. Alipitisha ncha ya ukucha juu ya kila kitone, midomo ikicheza bila sauti. Moja, mbili, tatu, hadi tisa. Ndipo aliponiambia, “Haya, mwanangu, vuta.”

Nilivuta. Makaa yaligeuka mekundu, yakawa ya chungwa, na reale ndani ya kikombe cha udongo ikaanza kuiva. Kwa muda mrefu uso wa yule bibi ulibaki vilevile, mwekundu tu, kila unywele mahali pake. Nilidhani hautaondoka kamwe. Halafu ukingo ulilegea, herufi zikaingiana, pua ikazama, shingo ikafuata, na kwa kufumba na kufumbua kukawa na tone moja zito linalotetemeka na kung'aa kama jicho. Kila mara nilikuwa nikishusha pumzi. Mjomba hakunicheka. “Bibi huyu amekufa miaka mia mbili,” aliniambia siku moja, “na bado uso wake wafanya kazi.”

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na mkufu wenye reale tatu ambazo hazikuyeyushwa. Zilitiwa vishikizo juu, zikatungwa pamoja na shanga za marijani, na katika harusi zilining'inia kifuani mwake zikigongana kila alipotembea. Picha ya mtawala ndani ya pambo la mwanamke, basi, haikuwa ajabu kwetu. Hakuna aliyeuliza yule aliyechorwa ni nani. Ilikuwa reale, ikawa mwisho wa habari.

Nilifika London mwaka 2004, mwanafunzi wa shahada ya pili, nikiwa na koti la mtumba lililonizidi mikono. Mwezi wa Novemba jua linazama huko saa kumi jioni, na mimi sikuwa nimewahi kuishi mahali ambapo mchana unakatwa hivyo. Nilitafuta pa kukaa pasipo gharama. Mwanamke mmoja wa Zanzibar niliyepanga naye chumba ndiye aliyenielekeza jumba la makumbusho la Victoria and Albert. “Kuingia ni bure,” alisema, “na kuna joto.” Nilishuka kituo cha South Kensington, nikapita ile njia ndefu ya chini ya ardhi yenye vigae, ambamo hatua za watu husikika kama mvua juu ya mabati, nikatokea ndani.

Siku za mwanzo nilizunguka tu. Nilikuwa nikitafuta fedha, kusema kweli. Nilitaka kuona kama kuna mahali katika jumba lile ambapo kazi ya mtu kama Mjomba imewekwa kwenye kioo ikamulikwa taa. Katika kutafuta huko ndipo nilipokikuta kile kidani.

Ni kidani cha dhahabu ambacho kingetoshea katika kiganja changu. Ukingo wake wote umepambwa enameli ya rangi, na kuuzunguka kumepandwa yakuti na almasi zilizokatwa bapa, kwa mtindo wa zama zile, kabla watu hawajajua kuzikata almasi zikatoa cheche. Chini kunaning'inia kichala cha lulu ndogondogo, na chini ya kichala lulu moja kubwa peke yake. Kinaitwa Kidani cha Drake. Ni mali ya ukoo, kilichoazimwa kwa makumbusho. Elizabeth wa Kwanza, malkia wa Uingereza, ndiye aliyempa nahodha wake Francis Drake, karibu na mwaka 1588, mwaka ambao Uingereza ililizuia jeshi la majini la Hispania. Katika picha ya Drake iliyochorwa na Marcus Gheeraerts mwaka 1591, ambayo iko Greenwich, kidani hicho kinaonekana kimemning'inia hadi usawa wa kiuno.

Siku ile upande ulioelekea kwangu ulikuwa wa jiwe. Ni akiki ya matabaka, jamii ileile ya akiki wanayovaa wanaume wetu kwenye pete za fedha, isipokuwa hii ina tabaka jeusi juu ya tabaka jeupe. Mchonga jiwe amelitumia tabaka la juu kuchonga uso wa mwanamume Mwafrika, kiubavu, amevaa taji. Nyuma yake, katika tabaka la chini, ametokeza uso mwingine, mweupe, unaofuata mstari wa ule wa kwanza kama kivuli kilichogeuka nuru. Wengi husema huo mweupe ni wa mwanamke.

Nilisimama. Sijui nilisimama muda gani, ila mlinzi wa chumba alipita mara mbili.

Mwafrika yule hajachorwa kama mtu wa kuchekesha. Nimeona vitu vingi vya Ulaya vyenye nyuso zetu, vinara vya taa, miguu ya meza, vichwa vya bakora, na mara nyingi aliyezifanya hakumtazama mtu. Huyu alitazama. Paji la uso limeinuliwa kidogo, mdomo umefungwa kwa utulivu, na taya lina uzito wa mtu mzima. Akiki haichongwi kwa patasi. Ni ngumu kuliko chuma, kwa hiyo inasagwa, punje kwa punje, kwa unga wa mawe makali na mafuta, na anayefika chini ya tabaka jeusi kwa unene wa ukucha tu amekwisha kuharibu kazi ya miezi. Mtu fulani alikaa na shavu lile miezi. Nilimfikiria Mjomba na kiganja chake juu ya kazi.

Malkia yuko ndani. Kidani kinafunguka, na chini ya kifuniko kuna picha yake ndogo iliyochorwa na Nicholas Hilliard, na upande wa ndani wa kifuniko amechorwa finiksi, yule ndege anayeungua akafufuka katika majivu yake mwenyewe, mmoja tu duniani, asiye na mwenza. Elizabeth hakuolewa wala hakuzaa, na ndege huyo alimpendeza. Huo upande wa ndani niliupata vizuri katika kitabu kikubwa cha picha kwenye maktaba ya chuo, na kitabu hicho kilinila majira yote ya baridi.

Hilliard alikuwa mtoto wa sonara. Alizaliwa Exeter mwaka 1547, akajifunza kufua dhahabu kabla hajawa mchoraji, na inaonekana. Aliandika risala juu ya kazi yake karibu na mwaka 1600, na nilipoisoma nilihisi niko tena Usita wa Mui. Anasema mchoraji wa picha ndogo avae hariri, kwa sababu hariri haidondoshi nyuzi. Ajihadhari na mba ya nywele zake isije ikaanguka kwenye rangi. Asizungumze akiinamia kazi, maana tone la mate likidondoka juu ya uso uliochorwa, halina dawa. Mjomba naye hakuruhusu neno wakati wa kutia lihamu. Alikuwa akinyoosha kidole kimoja hewani, na mteja yeyote, hata awe mkubwa wa mji, alinyamaza.

Picha ilichorwa kwa rangi za maji juu ya ngozi laini ya ndama, na ngozi ikabandikwa juu ya karata ya kuchezea ili isijikunje. Ndiyo, karata zilezile za mezani. Baadhi ya picha hizo zikigeuzwa, mgongoni kuna kopa. Brashi zilikuwa za nywele za kindi. Kwa lulu za malkia, Hilliard alidondosha rangi nyeupe nzito hadi ikasimama kama kilima kidogo, juu yake akatia tone la fedha halisi iliyosagwa, kisha akaisugua kwa jino la mnyama mdogo wa jamii ya kicheche mpaka ikang'aa kama lulu yenyewe. Kwa yakuti alipaka fedha, akaing'arisha, halafu akaweka juu yake tone la utomvu uliotiwa rangi nyekundu na kuliunda kwa sindano ya moto. Mwanga ulipita katika utomvu, ukagonga fedha, ukarudi. Jiwe lote hilo halizidi kichwa cha sindano ya kushonea kofia.

Lakini lulu hizo leo ni nyeusi. Moshi wa makaa ya London ulikuwa na kiberiti, na kiberiti huisawijisha fedha. Nyumbani, fedha ikisawijika tunaisugua kwa majivu na ndimu na inarudi. Kwenye picha huwezi kusugua, utaondoka na malkia. Kwa hiyo katika picha nyingi za Hilliard malkia amevaa madoa meusi shingoni na nyweleni, na anayetazama bila kujua hudhani mchoraji alikusudia hivyo. Mimi huzihesabu kwa mazoea. Ukucha wangu hubaki juu ya karatasi ya kitabu, nikihesabu lulu zilizokufa.

Na uso wake? Mwaka 1588 Elizabeth alitimiza miaka 55. Ndui ilikwisha kumpitia, na kichwani alivaa nywele za bandia. Hilliard anasimulia kwamba alipomchora mara ya kwanza, malkia alichagua kukaa kwenye njia ya bustani iliyo wazi, mbali na mti wowote, asipate kivuli usoni. Tangu hapo hakupata kivuli tena. Kadiri alivyozeeka ndivyo picha zilivyozidi kuwa za kijana, na uso wa aina moja ukawa unanakiliwa, ukatiwa kwenye dhahabu, ukagawiwa kwa waliomtumikia vizuri. Mwaka 1617 Hilliard, mzee wa miaka 70, alifungwa jela kwa deni ambalo alimdhamini mtu mwingine. Nikakumbuka daftari la madeni la Mjomba, ambamo majina ya waliochukua pete za harusi bila kumaliza kulipa yalijaa kurasa, na hakuwahi kumdai hata mmoja mbele za watu.

Nilianza kuziweka tarehe pamoja. Hispania iliyotuma meli dhidi ya Elizabeth mwaka 1588 ilitawaliwa na Philip wa Pili. Tangu 1580 Philip huyohuyo alikuwa pia mfalme wa Ureno, na Wareno ndio waliokuwa juu ya shingo ya pwani yetu. Mwaka 1589, wakati kidani kile pengine hakijasawijika hata lulu moja, Wareno walimkata kichwa mfalme wa Lamu, Bwana Bashira, huko Pate, kwa kosa la kumtia nahodha wao mikononi mwa Waturuki. Miaka minne baadaye, 1593, walianza kujenga Fort Jesus, Mombasa, kwa amri ya mfalme yuleyule. Na meli ya kwanza ya Waingereza kutia nanga Unguja, Edward Bonaventure, ikiongozwa na James Lancaster mwishoni mwa 1591, ilikuwa imepigana katika vita vile vya 1588. Shuleni tulifundishwa habari za Malkia Elizabeth katika somo moja na habari za Wareno wa pwani katika somo jingine, kana kwamba zilitokea katika dunia mbili.

Drake mwenyewe alianzia wapi? Akiwa kijana alisafiri na jamaa yake, John Hawkins, katika safari ya 1567 ya kukamata watu Afrika Magharibi na kuwauza ng'ambo ya Atlantiki. Miaka mitatu kabla, katika safari kama hiyo, malkia alikuwa ametoa meli yake mwenyewe, iliyoitwa Jesus of Lübeck. Hawkins alipopewa nembo ya heshima mwaka 1565, juu yake kulichorwa Mwafrika aliyefungwa kamba. Hiyo nayo ni picha ya mtu mweusi katika pambo la cheo. Niliziweka mbili hizo sambamba kichwani, yule wa kamba na yule wa taji, na sikulala vizuri.

Nilirudi Lamu Agosti 2005. Mjomba alikuwa amedhoofika macho, na kazi kubwa aliifanya mwanawe. Yeye alibaki na zile pete za vigae: vipande vya vyombo vya Kichina tunavyookota ufukweni Manda na Shela, vyenye ua la buluu au nusu ya jani, akavizungushia fedha. Nilimbusu mkono, nikamtolea fotokopi ya rangi, pande zote mbili za kidani zimepanuliwa ukubwa wa sahani.

Alivaa miwani, akaongeza juu yake kioo cha kukuzia. Alinyamaza kwa muda ambao chai yangu ilipoa. Alianza na lulu, kama nilivyojua angeanza. Alitaka kujua zimeshikwaje, na tulipogundua kwamba kila moja imepitishiwa kipini chembamba cha dhahabu kilichokunjwa juu, alitikisa kichwa kwa kuridhika. Akaja kwenye enameli, akauliza moto wake. Akaja kwenye mawe, akasema aliyeyapanda hakuwa na haraka. Nilimweleza habari za malkia na ndege wake, za karata mgongoni mwa picha, za jino la mnyama. Jino lilimfurahisha sana. Alimwita mwanawe aje alisikie.

Kisha kidole chake kikatua kwenye akiki. Alifuata taya la yule mtu kwa ncha ya ukucha, taratibu, vile alivyokuwa akifuata lulu za reale.

“Hoyu,” alisema, “ina lake n'nani?”

Kwa Kiamu chetu, ina ndilo jina.

Nikaanza kumweleza kwamba wataalamu wana maoni tofauti. Kuna wanaosema ni mfalme wa kubuni, ishara ya himaya ambayo malkia aliitamani. Kuna wanaosema ni ukumbusho wa mapatano ya Drake na Wasimaroni, Waafrika waliotoroka utumwa kwa Wahispania wakaishi huru katika misitu ya Panama. Mjomba alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu. Ndipo akarudia swali lake, kwa sauti ileile, kama mtu aliyeuliza bei na kujibiwa habari ya hali ya hewa. Sikuwa na jibu. Alikunja karatasi mara mbili, akaitia kwenye mtoto wa meza pamoja na tupa zake.

Niliporudi London nilikuwa na kazi ya kufanya. Habari zenyewe zipo, hazikufichwa. Mwaka 1572 Drake alipoushambulia mji wa Nombre de Dios, Mwafrika mmoja aliyekuwa mtumwa pale alikimbilia mashua zake, huku wakimfyatulia risasi, akiomba achukuliwe. Jina lake Diego. Yeye ndiye aliyemfikisha Drake kwa Wasimaroni, na bila Wasimaroni Drake asingeuteka msafara wa nyumbu waliobeba fedha na dhahabu ya Wahispania mwaka 1573, na bila fedha ile sidhani kama tungekuwa tunamtaja leo. Diego alikuwa pamoja naye tena katika safari ya kuizunguka dunia iliyoanza 1577. Alijeruhiwa kwa mishale kwenye kisiwa cha Mocha, karibu na Chile, na mwaka 1579 akafa karibu na visiwa vya Moluku kwa jeraha hilo. Drake alifika nyumbani 1580, na mwaka uliofuata akapewa cheo cha Sir juu ya sitaha ya meli yake.

Katika meli hiyohiyo alikuwamo mwanamke Mwafrika aliyeitwa Maria. Walimtoa katika meli ya Wahispania kwenye Pasifiki, mwaka 1579. Mwishoni mwa mwaka huo, akiwa mjamzito, walimwacha kwenye kisiwa kidogo karibu na Sulawesi pamoja na wanaume wawili Waafrika, nao wakatweka. Nilisoma mistari hiyo katika maktaba saa mbili usiku na nikatoka nje bila koti. Maria wa reale amechorwa mamilioni ya mara. Maria huyu hakuna kito kilichochongwa uso wake, na mtoto wake sijui kama aliliona jua.

Drake alikufa Januari 1596 baharini, karibu na Panama. Julai mwaka huo, baraza la malkia liliandika barua kuagiza Waafrika kumi, walioletwa na Thomas Baskerville kutoka safari hiyo ya mwisho ya Drake, wasafirishwe nje ya Uingereza, kwa maelezo kwamba watu wa namna hiyo walikwisha kuwa wengi nchini. Kidani wakati huo kilikuwa kwa jamaa wa Drake, yule mwanamume wa akiki ndani yake, juu, mbele, amevaa taji.

Nilimpigia Mjomba simu siku ya Ijumaa, baada ya sala, nilipojua atakuwa amekaa kibarazani. Nilimweleza yote, polepole, kadi ya simu ikiniambia dakika zinavyokwisha. Nilipofika kwa Diego sauti yangu ilikuwa imepanda. Nilimsikia akivuta pumzi.

“Basi huyu ndiye aliyetiwa kwenye akiki?” aliuliza.

“Huenda, Mjomba. Hakuna alipoandikwa kuwa ndiye. Lakini mimi ninapomtazama namwita hivyo.”

Nilidhani atafurahi. Nilikuwa nimemletea jina, baada ya miezi minne.

“Usimwite,” alisema. “Usimpe mtu ina la mwendiwe. Huyo Diego ana lake, na amelilipia. Na huyu wa akiki ana lake pia, hata kama hatulijui. Ukimvisha la mwingine, atakayekuja kulitafuta atakuta pamejaa.”

Nikanyamaza. Kule kwake punda alipita, nikasikia kwato kwenye mawe, na mwanawe akimwambia mtu kuwa pete haijapoa. Mjomba aliuliza kama baridi imeanza, na kama lile koti bado lanizidi mikono. Kisha akasema ana reale moja aliyouziwa juzi na mjane wa Shela, lulu zote tisa zahesabika, na anataka kujua aifanyie nini, aiyeyushe au aitie kishikizo.

Nilimwambia asiiyeyushe.

Ninayo hadi leo, kwenye mkufu wa fedha. Nyuma ya kichwa cha Maria Theresa, pale penye tai wa Austria, Mjomba aliacha palivyo. Kwenye kishikizo tu, upande unaogusa ngozi, ameweka alama yake ya kazi, vitone viwili na mstari. Nikienda kwenye lile jumba naivaa. Nasimama mbele ya kioo nikimtazama yule mwanamume wa akiki, paji lake lililoinuliwa, taya lake, na sehemu ile ya shavu ambapo tabaka jeusi limekuwa jembamba hata weupe wa chini unakaribia kupenya. Mlinzi huwa anapita. Mimi nabaki, na simwiti jina lolote.